Salamu Juu ya Ushauri

Pale kituo cha redio walimwita Kabati, na mwenyewe hakuchukia. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mabega ya mraba, na kwa kuwa alishinda siku nzima katikati ya makabati ya kanda za zamani, mgeni akiingia ilimbidi atazame mara mbili kujua lipi ni kabati na yupi ni mtu. Kazi yake ilikuwa kuzifuta kanda vumbi, kuzirudisha mahali pake zikishaazimwa, na kuiandika kila moja kwenye kompyuta: jina la kipindi, aina yake, mwaka, hali ya kanda, na ni mara ngapi imeombwa na watayarishaji.

Mle ghalani alikuwamo mama yake. Yaani sauti yake. Enzi zake marehemu alitangaza kipindi cha salamu kila Jumamosi asubuhi, na watu walimzoea kwa jina la Mama Salamu hata akiwa sokoni na kikapu chake. Alisoma kadi za wasikilizaji, na akikutana na mwandiko mbovu alicheka hewani bila kujibana: "Huyu ndugu yetu anamsalimu ama shemeji yake ama shamba lake, mimi sijui, nyote wawili mmesalimiwa." Kabati alipokuwa mdogo alikuwa akipelekwa studio, akakalishwa chini ya meza, na kukatazwa hata kupiga chafya.

Mama alipougua mara ya mwisho akalazwa hospitali, Kabati alichelewa kwenda. Kila wiki alisema wiki ijayo. Alipofika alikuta turubai limeshafungwa uani na watu wamekaa kwenye mikeka. Dada yake mkubwa, aliyemuuguza mama peke yake, alimwambia mbele ya watu wote, "Karibu. Umekuja kuzika, maana kuuguza hukuja." Kabati alizika, akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwa dada yake. Simu zake alipokea kwa maneno mafupi kama mtu anayelipia kila neno.

Basi ikatokea kituo kikauza jengo lake na kuhamia kwenye jengo dogo. Mkuu wa ufundi, mama mmoja mwepesi wa miguu na wa ulimi ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Bi Fupisha, alimwita Kabati ofisini.

"Ghala jipya ni chumba kimoja," alisema, bado anaandika. "Kitabeba nusu ya kanda, na hiyo nusu yenyewe kwa kubana pumzi. Nitolee ripoti. Zipangwe kuanzia zinazohitajika sana kushuka chini. Tutabeba kutoka juu, chumba kikijaa tunapiga mstari. Za chini ya mstari atazichukua yule bwana anayenunua plastiki chakavu."

"Zote, bosi?"

"Kabati, usinirefushie."

"Nauliza kwa sababu mfumo unapanga aina za vipindi kwa alfabeti. Ukiuachia, Habari itakaa juu kwa sababu ya herufi tu, na Ushauri chini kwa sababu hiyo hiyo."

"Si kuna mahali pa kuweka mpangilio wako mwenyewe? Uweke. Aina inayoombwa zaidi iwe juu, ikifuatiwa na inayofuata. Ndani ya kila aina, kanda nzima kwanza, mbovu baadaye. Wewe ndiye unayejua nani anaazima nini."

Ni kweli, alijua. Alirudi kwenye meza yake, akafungua ile sehemu ya mpangilio, akaanza kuandika aina moja chini ya nyingine jinsi zilivyokuwa zikiombwa: Habari, Muziki, Hotuba, Michezo, Tamthilia, Ushauri. Mwisho kabisa akaandika Salamu. Akabonyeza, ripoti ikatoka, akahesabu nafasi za rafu kwenye ramani ya chumba kipya, akapiga mstari. Mstari ukapita chini ya Ushauri na juu ya Salamu, kana kwamba mtu ameupima kwa uzi.

Alikaa akiutazama. Kanda zote za mama yake zilikuwa upande wa chini. Kwenye safu ya maombi, kanda za Salamu zilikuwa karibu zote sifuri kushuka mpaka mwisho. Zile chache zilizokuwa na moja au mbili, mwombaji alikuwa yeye mwenyewe.

Mtu mwingine angekwenda kwa Bi Fupisha akasema, bosi, mama yangu yumo humu, naomba niondoke naye. Labda angekubaliwa. Lakini Kabati hakuwa mtu wa kuomba, na aliona aibu kumtaja mama yake kwa mtu anayetaka kila kitu kifupi. Badala yake alilikamata neno Salamu kwenye skrini, akalipandisha ngazi moja, juu ya Ushauri. Kidole kimoja tu, kazi imekwisha. Akabonyeza tena. Mistari ikajipanga upya, Salamu ikapanda, Ushauri ikateremka, na mfumo haukuuliza kwa nini.

Akajitetea moyoni. Ushauri wa nini siku hizi? Mbolea, magonjwa ya mifugo, namna ya kuhifadhi mahindi. Watu si wanauliza kwenye simu zao? Lakini alijua fika kwamba kila msimu wa mvua watayarishaji huja kuziazima kanda hizo, na kwamba Bwana Kuku, yule mganga wa mifugo aliyekuwa akitoa ushauri wa ufugaji baada tu ya kipindi cha mama yake, alikuwa bado anaulizwa. Mistari yenye jina la Bwana Kuku aliiona. Aliiona ikishuka mmoja baada ya mwingine, ikavuka mstari.

Bi Fupisha alisoma ukurasa wa kwanza, ambao ulikuwa Habari mwanzo hadi mwisho, akasaini. "Umepanga vizuri," alisema. Sifa hiyo Kabati aliimeza kama kidonge kikavu. Lori la mwenye plastiki lilikuja likapakiwa, nalo likaenda zake.

*

Chumba kipya kilihitaji rafu za chuma, na fundi wa kuchomelea aliyeletwa alikuwa mwanamke wa umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa buti za ngozi na kinyago chake amekining'iniza begani kama mkoba. Alimtazama Kabati kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Kabati?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Afadhali. Basi vipimo vya kabati ninavyo tayari."

Kabati alicheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Fundi akafanya kazi siku ile na zilizofuata, anakata, anaunga, anasaga kingo kwa grinda mpaka cheche zinatawanyika sakafuni, na katikati ya kazi anapiga soga. Maboksi ya kanda yalikuwa yamerundikwa ukutani. Siku ya pili, akiwa anakunywa chai, akayatazama.

"Kaka, hizi ndizo sauti za zamani?"

"Ndizo."

"Baba yangu atakuwa humu." Alisema kwa sauti ya mtu anayejaribu ngazi kabla ya kuipanda. "Alifariki sijaanza hata kutembea. Mama naye hakupenda kumzungumzia, akaolewa kwingine, basi. Juzijuzi tu shangazi yangu, dada yake baba, ndiye ameniambia kwamba alikuwa akisema kwenye redio. Mambo ya mifugo. Walimwita Bwana Kuku, sijui unamjua?"

Kabati aliweka kikombe chake chini.

"Nimewahi kulisikia jina."

"Sijawahi kusikia sauti yake, kaka. Picha ninayo moja, kavaa kofia, uso wenyewe hauonekani. Utanitafutia? Hata maneno mawili matatu."

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kusema ukweli, ukiwa wazi kabisa. Kabati akaupita. "Nitaangalia kwenye mfumo," alisema.

Kesho yake fundi akauliza. Kabati akasema mfumo uko polepole kwa sababu ya kuhama. Keshokutwa akauliza tena, akamwambia maboksi bado hayajafunguliwa yote. Uongo haukumpa shida kuutunga. Shida ilikuwa jinsi yule mwanamke alivyoupokea. Kila mara alisema, "Haya kaka, usijali, najua kazi ni nyingi," akarudi kwenye vyuma vyake. Siku ya nne Kabati alikuta fundi amemtengenezea kigoda cha chuma kwa vipande vilivyobaki, kimesuguliwa na kupakwa rangi, ili asihangaike kufikia rafu ya juu.

"Sikukuagiza hiki," Kabati alisema.

"Najua. Unanihangaikia, nami nikuhangaikie kidogo."

Mchana ule Kabati aliaga kazini kwamba anaumwa tumbo. Alikwenda mpaka uwanja wa mwenye plastiki. Aliyemkuta langoni alimwonyesha magunia ya vipande vyeusi vidogo kama punje, vinavyong'aa juani.

"Za redio? Tulizisaga siku ile ile, mzee. Plastiki nzuri sana ile. Tayari imeshanunuliwa."

Kabati aliingiza mkono guniani, akachota, akaviacha vipande vipite katikati ya vidole. Yule mtu akamuuliza kama anataka kununua. Akasema hapana, akaondoka.

*

Alimwambia asubuhi iliyofuata. Rafu zilikuwa zimekamilika, fundi anakunja nyaya zake.

"Fundi, nilikudanganya. Kanda za baba yako hazipo. Na sikuwa natafuta kitu."

Aliacha kukunja. "Hazipo vipi?"

Kabati akaeleza yote: chumba kidogo, ripoti, mstari, mpangilio wa aina za vipindi. Alipofika pale pa kupandisha neno moja juu ya jingine alilazimika kuanza upya. Fundi alisikiliza bila kumkatiza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Kwa hiyo Ushauri ilikuwa imepona."

"Ilikuwa imepona."

"Ukaishusha wewe."

"Mimi. Nilikuwa nampandisha mama yangu."

"Na ulipoishusha uliona jina la baba?"

"Niliona."

"Ukajua ni nani?"

"Nilijua. Nilipokuwa mtoto nilimsikiliza. Alikuwa anaingia studio mama akimaliza."

Fundi alikaa juu ya kile kigoda. Nje mtu alipita akiburuta kiti.

"Basi wewe unayo sauti yake kichwani," alisema fundi. "Mimi sina, wewe unayo. Hebu niigizie."

"Fundi..."

"Niigizie. Alikuwa anasemaje? 'Hamjambo wafugaji'? Nene? Nyembamba? Anavuta maneno? Niigizie, kaka, nisikie."

Kabati alifungua kinywa. Aliisikia kabisa ile sauti ndani ya kichwa, mkwaruzo wake na jinsi ilivyopanda mwishoni mwa sentensi, lakini alipojaribu kuitoa nje ikatoka sauti ya Kabati, ya mtu mwoga wa makamo, ikasema "Hamjambo wafugaji" kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani. Fundi alikuwa akimtazama mdomoni.

"Na hizo za mama yako," akamuuliza alipoinuka, "zina nini humo ndani cha kuzidi?"

Tangu aziokoe, Kabati hakuwa amesikiliza hata moja.

Fundi akakusanya vifaa vyake, akaondoka bila kuaga. Mtu mwenye kuaga kwa mizaha akiondoka hivyo, unabaki ukisikia ile nafasi ya mzaha ambao haukusemwa.

Kabati akaenda moja kwa moja kwa Bi Fupisha na kumweleza. Alitarajia barua ya onyo, au angalau kelele. Bi Fupisha alivua miwani.

"Kuna aliyelalamika kwa maandishi?"

"Hapana."

"Kanda zinarudi?"

"Hazirudi."

"Na saini ni yangu." Akaivaa tena miwani. "Nilisoma ukurasa wa kwanza tu, Kabati. Unataka nikaseme hivyo kwa wakubwa? Rudi kazini. Na siku nyingine ukiwa na mama ndani ya ripoti, sema."

Akatoka pale akiwa hana adhabu yoyote, na mzigo ulikuwa palepale. Alikuwa ameubeba kwenda kuutua kwa mtu, akarudishiwa wote.

*

Jioni alipiga simu kwa dada yake. Hakujua hasa anataka nini. Labda alitaka mtu mmoja duniani amwambie kwamba alichofanya kilikuwa na maana.

"Dada, kanda za mama zilikuwa zitupwe. Nimezibakiza."

"Kanda zipi?"

"Za kipindi chake. Za salamu."

"Mbona tunazo?" dada yake alisema. "Si baba alikuwa akirekodi kila Jumamosi kwa redio yetu ile ya kaseti? Zimejaa kwenye sanduku la viatu, ziko chumbani kwangu. Mama alisema tugawane. Wewe hukuja."

Kabati alikaa chini sakafuni, simu sikioni. Mkewe alipita na bakuli la mchele anaochambua, akamtazama, akaamua kutouliza.

"Upo?" dada alisema.

"Nipo." Kisha, bila kupanga, akamweleza dada yake habari yote, na ya hospitali ambako hakwenda akaichanganya humo humo, maana alipoanza kulitoa moja, na jingine lilifuata. Dada hakumfariji. Alimwacha akamaliza.

"Njoo Jumapili," alisema mwisho. "Na ule mdomo wako wa kununa uuache huko huko. Mwaka mzima nimesubiri uje unigombeze, kisha tupatane, wewe ukachagua kunyamaza."

Jumapili walikaa wawili na redio kuukuu, wakasikiliza. Mama alisoma kadi, akacheka, akawasalimia mashemeji na mashamba. Kabati alilia bila kujificha, dada akamsogezea kitambaa bila kumtazama. Kaseti ilikaribia mwisho, mama akaaga, ukapigwa muziki mfupi. Kabati akanyoosha mkono azime.

"Iache," dada yake alisema. "Baba alikuwa anasinzia na redio inarekodi. Zinaendelea mpaka kaseti inakatika yenyewe."

Muziki ukaisha. Kiti kikaburutwa. Halafu sauti ya mwanamume, yenye mkwaruzo, ikipanda mwishoni: "Mama Salamu, leo tena umezila dakika zangu. Haya, hamjambo wafugaji. Nilikuwa na mambo makubwa ya kusema, sasa nitasema madogo." Akaongea juu ya vifaranga na baridi. Kisha kaseti ikakatika, katikati ya neno.

Dada yake alicheka, kwa sababu ilichekesha. Kabati alishindwa. Mama alikuwa amezila dakika za mtu na kumwachia kidogo. Mwanawe alikuwa amezila zilizobaki zote.

*

Ilimchukua wiki nzima kupata ujasiri wa kumpigia fundi, na siku mbili zaidi fundi kupokea. Alikuja kwa dada yake Kabati pamoja na shangazi, bibi mfupi mwenye kilemba cha buluu aliyetembea akimshika mkono mpwa wake. Fundi alimsalimu dada kwa heshima zote. Kabati alimpa salamu ya kavu, ya kutimiza.

Walisikiliza kaseti zote zilizokuwa na mkia, yaani kipande kilichorekodiwa baada ya salamu. Si zote zilikuwa nao. Kwenye nyingine baba yake Kabati hakusinzia. Lakini mikia iliyopatikana ilikuwa ya kutosha kumsikia mtu akikohoa, akitania, akisahau alichotaka kusema, akimwambia msikilizaji fulani kwamba kuku wake haumwi, ni mzee tu, amwache astarehe. Shangazi alianza kutikisa kichwa tangu neno la kwanza. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyo. Alikuwa anakosea vilevile nyumbani." Fundi alikuwa ameinamia redio, viganja magotini, akisikiliza kama wanavyosikiliza mafundi injini yenye kasoro, na kila kipande kilipokwisha alisema tu, "Rudisha."

Walirudisha mara nyingi. Dada alileta chai, ikapoa. Fundi akarekodi kila kipande kwenye simu yake, mkono umetulia kabisa, akakagua kama kimeingia, akakirekodi tena.

Walipokuwa wakiondoka shangazi alishika mikono yote miwili ya Kabati.

"Mwanangu, Mungu akulipe. Miaka yote hii, kumbe kuna mtu alimtunza ndugu yangu."

Kabati alihisi uso unamchoma. "Shangazi," alianza, "kuna jambo inabidi ulijue. Mimi ndiye..."

"Twende shangazi, jua linapanda," fundi alisema, akampitisha bibi mlangoni taratibu mpaka barazani. Akarudi hatua chache peke yake. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Unataka kumwambia ili iweje?"

"Ajue ukweli. Ananishukuru bure."

"Najua anakushukuru bure. Mwache afurahi. Wewe kaa na hatia yako."

"Na wewe?"

Fundi aliitazama simu yake, akaitia mfukoni na kufunga zipu.

"Mimi nina dakika kumi na kitu za baba yangu. Kulikuwa na rafu nzima. Siku nikiacha kuhesabu, nitakwambia."

Akashuka barazani, akamshika shangazi mkono. Mpaka wanakata kona bibi alikuwa bado anageuka kumpungia Kabati, na Kabati alisimama mlangoni kwa dada yake akiupunga mkono kumjibu, kwa kuwa hakujua mtu mwenye hatia kama yake afanye kitu gani kingine. Nyuma yake dada alimwita aje anywe chai nyingine, maana ile ilikuwa imepoa. Akaingia.